Lobi Haina Namba

Ujumbe ulinifikia Alhamisi asubuhi, hapa Lubumbashi, umeme uliporudi baada ya kukatika siku mbili na simu yangu ikaamka. Ulikuwa umetumwa Jumatano na kijana nisiyemfahamu, aliyejitambulisha kuwa mtoto wa dada yake Papa Anselme wa Kisangani. Maneno yalikuwa machache: "Tantine Espé, tonton Anselme amekufa. Enterrement lobi." Niliyasoma mara tatu nikiwa nimesimama jikoni, chai inapoa. Maziko, lobi. Anayejua Lingala anajua kwamba neno hilo ni jana na ni kesho pia. Ni siku iliyo jirani na leo, upande wowote. Mtu akilisema utamwelewa kwa maneno yanayolizunguka, lakini akiandika mawili tu kwenye simu hujui kitu. Kijana aliandika Jumatano. Kwa hiyo Papa Anselme alikuwa amezikwa Jumanne, au alikuwa anazikwa saa ileile, mimi nimeshika kikombe. Ningeweza kupiga simu papo hapo nikauliza. Sikupiga. Nilikaa kwenye kigoda, maana neno hilo nilikwisha kulihesabu vibaya mara moja, mwaka mmoja wa vita, na aliyeumia alikuwa yeye.

Habari za ukoo naziruka. Inatosha kusema nilikuwa na miaka ishirini na miwili, binti wa wafanyabiashara wa Butembo, nimepelekwa Kisangani kusoma hesabu chuo kikuu, vita vikanifungia humo. Mwaka uliofuata ule wa mabomu masomo yalikuwa yanafunguliwa wiki hii na kufungwa wiki ijayo. Mto ulikuwa umekatwa kati yetu na Kinshasa, simu zilikuwa zimekufa, na mtu aliyekuwa na mama yake upande wa pili hakuwa na njia ya kujua kama angali hai. Basi parokia moja ya mjini ikafungua chumba cha ujumbe nyuma ya kanisa. Nakiona mpaka leo. Ukuta wa dirishani ulikuwa na mabaka ya saruji palipozibwa matundu ya risasi, na hakuna aliyepata rangi ya kuyafunika. Meza ya kushoto ilikuwa ya Papa Anselme na phonie yake, redio ya kuongea na watu wa mtoni. Meza ya kulia ilikuwa yangu, na kompyuta moja niliyoifunika kitenge jioni kama mtoto aliyelala. Nje jenereta lilikohoa, moshi wake ukachanganyika na harufu ya sombe, kisamvu cha masista, na barazani watu walikaa kwenye mabenchi tangu saa moja asubuhi, wakisimuliana nani kaonekana wapi. Nilijifunza kuandika huku nikisikiliza: "Eti alionekana Yangambi." "Nani alimuona?" "Mutu alimuona." "Huyo mutu iko wapi?"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Watu wa Isangi, Yangambi na Yanonge walimwambia Papa Anselme ujumbe wao kwenye phonie, yeye akauandika kwenye karatasi, mimi nikauingiza kwenye kompyuta. Mara mbili kwa wiki padri alileta simu yake ya setilaiti, tukarusha ukurasa wetu kwenye intaneti, na jamaa zao wa Kinshasa na Ulaya wakausoma huko kwenye maduka ya kompyuta. Orodha hiyohiyo tuliichapa tukaibandika ukutani. Ubaya ni kwamba watu husema "kesho". Mtu anasema "kesho" siku ya Jumatatu, ukurasa unaondoka Alhamisi, dada yake anausoma Jumamosi, na kesho ya Jumatatu inageuka kuwa Jumapili. Mwanamke mmoja wa Kinshasa alimsubiri mumewe uwanja wa ndege siku tatu kwa ajili ya kesho ya namna hiyo. Nikaona hapo ndipo hesabu yangu ina kazi. Nilikuwa na kitabu cha fotokopi kuhusu kuandika programu za kurasa za intaneti, kimekosa kurasa za mwanzo, na kwa kitabu hicho nikatengeneza programu ya kugeuza maneno ya siku kuwa tarehe.

Haikuwa rahisi. Mashine haijui Jumatatu wala Aprili. Inajua namba moja ndefu sana, hesabu ya vipande vidogo vya sekunde tangu siku fulani ya zamani, mimi sijazaliwa. Siku nzima ni vipande milioni themanini na sita na laki nne. Ukitaka kesho unaongeza hivyo, ukitaka jana unatoa. Tena miezi inaihesabu kuanzia sifuri: Januari ni sifuri, Februari ni moja. Kurasa zilizokosekana kwenye kitabu changu ndizo zilizosema hilo. Orodha yangu ya kwanza ilitoka ukutani na kila mtu amesogezwa mbele mwezi mzima, na barazani mzee mmoja akasema, "Mashine ya Mademoiselle imetuongezea mwezi moja ya vita." Walicheka sana. Nilicheka nao, kisha nikaingia ndani nikalia kidogo, kwa kuwa nilikuwa na kiburi, na kiburi cha msichana anayejua hesabu kuliko wenzake huuma upesi.

Papa Anselme alikuwa na miaka arobaini hivi, mtu wa mto, mzaliwa wa upande wa Isangi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Yeye ndiye aliyenisaidia kupanga jedwali la maneno: kila neno na namba yake. Leo, sifuri. Kesho, moja. Kesho kutwa, mbili. Juzi, kutoa mbili. Tulifika kwenye maneno ya Kifaransa.

"Après huit jours," nikasema, "baada ya siku nane. Nane."

"Saba, Mademoiselle. Huit jours iko Jumatatu mpaka Jumatatu. Banahesabia na leo ndani. Weka saba."

"Na quinze jours?"

"Kumi na ine."

"Papa, quinze ni kumi na tano."

"Sasa ku université banawafundisha nini?" Akacheka mpaka miwani ikashuka puani. Kisha nikataja lobi, naye akaacha kucheka. "Ile, hapana. Lobi haina namba. Lobi unaisikia."

"Mashine haina masikio, Papa Anselme."

"Alors uliza mutu. Kila wakati, uliza mutu."

Nilimwitikia. Lakini mimi ni mtu wa Kiswahili cha Kivu. Lingala nilijifunza sokoni, na masikioni mwangu lobi ilikuwa kesho tu, kwani karibu kila ujumbe tuliopokea ulikuwa wa safari zinazokuja. Nikaandika moja, kwa muda, nikijiambia nitairudia. Aliyewahi kuandika programu anajua maana ya hilo kwa muda.

Mke wake, Mama Régine, alikuwa amekwenda Isangi kumuuguza baba yake, amembeba mtoto wao Mado mgongoni, na vizuizi vya askari vikawazuia huko miezi minane. Kila asubuhi Papa Anselme alipopata Isangi hewani alipokea kwanza ujumbe wa watu wengine wote. Akimaliza, ndipo alipouliza kwa sauti ya chini, kama anayeomba chumvi kwa jirani, "Na wangu je?" Adhuhuri tulikula pamoja kwenye meza yake, kwa kawaida lituma, ndizi zile zilizopondwa ambazo Kisangani hawachoki nazo, naye akaniambia lituma hii si kitu, ningojee ya Régine, pamoja na liboke yake, samaki wa kufungwa kwenye majani. Alikuwa amempigilia Mado kitanda kwa mbao za masanduku ya risasi. Maandishi ya kiwanda aliyageuzia chini, mtoto asije akalala juu yake.

Jumatatu ya mwisho wa Aprili Papa Anselme alishikwa na malaria, mimi nikakaa kwenye phonie. Isangi ilikuja katikati ya mikwaruzo. Sauti ya mwanaume ilisema haraka, kama wanavyosema wote ili kuokoa mafuta ya jenereta: "Kisangani, iko ya Papa Anselme. Départ lobi. Régine na mwana. Baleinière. À toi." Départ ni kuondoka, à toi ni zamu yako kusema, na baleinière ni ile mashua kubwa ya mbao yenye injini, inayopanda mto imejaa watu na magunia. Ningeuliza maneno mawili tu: lobi nini? Yule bwana angejibu kwa pumzi moja. Lakini barazani walikuwa wamejaa, jenereta lilikuwa linakohoa, na kusema kweli nilikwisha kujijibu mwenyewe kichwani, kwa furaha. Nikasema, "Bien reçu," nimepokea. Nikaandika maneno kwenye kompyuta, programu ikatoa: Jumanne, tarehe moja Mei. Nakiri kwamba niliitazama kwa majivuno. Ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi, na mashine ilivuka kuingia Mei bila kosa, bila kunitolea tarehe thelathini na moja ya Aprili. Nikachapa karatasi, nikapanda baiskeli ya teksi mpaka nyumbani kwake mtaa wa Mangobo. Alikuwa chini ya mablanketi mawili, meno yanagongana. Aliisoma, akaiweka chini ya mto, akafumba macho.

Jumanne asubuhi mji ulijaa kilio. Baleinière iliyotoka mtoni chini ilikuwa imezama Jumatatu alasiri karibu na Yanonge. Nilikimbia kwa Papa Anselme. Nilimkuta amekaa kitandani, karatasi yangu mkononi, machozi yanamtiririka, na uso wake ulikuwa unacheka. "Ilizama jana," akaniambia. "Bangu banatoka leo. Mademoiselle, banatoka leo." Jirani yake alikuja mlangoni, kasia begani. Watu walikuwa wanapanga mitumbwi kwenda Yanonge kuwatafuta watu wao. "Tuende, Papa Anselme. Hata mugonjwa, tutakubeba." Yeye akamwonyesha karatasi, akaisoma kwa sauti, siku na tarehe. Halafu akavua blanketi moja mwilini mwake akampa, kwa ajili ya yeyote watakayemtoa majini akiwa mzima. Jirani aliondoka. Papa Anselme akamwomba dada yake atupikie lituma na samaki, kwa kuwa hamu ya kula ilikuwa imerudi. Tulikula sote watatu sakafuni. Alinichagulia kipande cha kichwani, kile kinachopewa mgeni wa heshima, naye akala vipande viwili. Ladha ya samaki yule naikumbuka, na naionea aibu mpaka leo.

Alhamisi, siku ambayo wangefika, alikwenda kuwasubiri bandarini amevaa shati jeupe. Hawakufika. Ijumaa alirudi kazini, angali dhaifu, akaita Isangi. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Nilisikia anauliza kwa nini baleinière imechelewa. Nikasikia yule bwana wa Isangi anasema polepole, kama anayezungumza na kiziwi, "Papa, nilisema lobi. Dimanche. Walitoka Jumapili." Papa Anselme akasema, "Répète." Akarudia. Alivua vipokea sauti, akavilaza mezani, akapunguza redio. Kisha akageuka. Hakunitazama mimi. Aliitazama kompyuta, kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu aliyekaa mbele yake.

Jumamosi alikwenda Yanonge, na alichokikuta alinieleza mwenyewe aliporudi baada ya wiki moja. Maiti hazingojei kwenye joto lile. Waliotolewa majini walizikwa Jumatano. Wale ambao jamaa zao walifika na mitumbwi walizikwa kwa majina, wakaombewa kwa majina. Wasio na mtu walifukiwa ukingoni. Walimwambia palikuwa na mwanamke aliyetolewa na mtoto mgongoni, kitenge kimefungwa vilevile, fundo halijalegea. Aliuliza kitenge kilikuwa cha rangi gani. Mmoja akasema kijani, mwingine akasema hapana, bluu. Aliuliza kaburi ni lipi. Wakamwonyesha matuta mawili, wakasema ni moja kati ya haya. Kama angekwenda Jumanne, na mtumbwi ulikuja mpaka mlangoni kwake, angemfungua mtoto kwa mkono wake mwenyewe. Nilimwambia yote nikilia, habari ya namba moja niliyoiweka kwa muda. Hakunikemea. Laiti angenikemea.

"Minajua," akasema. "Nilikuambia unaisikia." Kisha akasema, "Mademoiselle, ile tarehe ku page, iache."

"Lakini si kweli, Papa."

"Jumanne ile beko bazima. Nilikula. Nilicheka. Iko siku yangu ya mwisho na bao. Iache vile iko."

Nikamwahidi.

Niliitunza ahadi hiyo mwezi mmoja na nusu. Halafu ukaja ujumbe kutoka Kinshasa, wa dada yake Régine. Aliandika kwamba wamesikia habari ya ajali, walikaa matanga, mama yao akakataa kula. Kisha mpwa wao akauona ukurasa wetu: Régine na Mado, kuondoka tarehe moja Mei. Mashua ilizama Aprili. Kwa hiyo ni wazima, matanga yamevunjwa, mama amekula, wamemshukuru Mungu. Mbona hamsemi wamefika? Niliubeba ujumbe huo siku mbili bila kumwonyesha mtu. Wakati huo programu nilikuwa nimeirekebisha: ikikutana na lobi inasimama na kuuliza anayeandika, jana au kesho? Siku ya tatu, Papa Anselme akiwa barazani, niliurudisha mstari wa Régine kwenye programu. Ikasimama. Ikaniuliza kwenye kioo swali ambalo sikumuuliza yule bwana wa Isangi. Nilibonyeza jana. Ikatoka Jumapili, tarehe ishirini na tisa Aprili. Nikaichapa, nikaibandika ukutani kwa mkono wangu, padri akaja, tukairusha.

Kesho yake asubuhi Papa Anselme alisimama mbele ya ukuta kama kawaida yake, kofia mkononi. Nilimwona anafika kwenye mstari ule. Nilianza kumweleza habari ya Kinshasa, ya mama yake Régine, maneno yananitoka ovyo. Aliniacha nimalize.

"Uliwapa bao ukweli," akasema. "Iko muzuri. Miye nilikuomba siku moja tu."

Akaenda kwenye meza yake, akavaa vipokea sauti. Tulifanya kazi chumba kimoja miezi sita zaidi. Alinisalimu kila asubuhi, "Bonjour, Mademoiselle," akanipa karatasi zilizoandikwa kwa mwandiko safi, na palipokuwa na lobi aliweka tarehe mwenyewe pembeni. Hakusema nami neno jingine lisilo la kazi. Chakula alikula barazani, ameupa mlango mgongo, na samaki hakula tena. Mwisho wa mwaka nilipanda ndege uwanja wa Bangboka, na aliyenisindikiza alikuwa padri. Tangu siku hiyo kila nilipobadilisha simu nilimtumia namba mpya kupitia watu. Hakupiga hata mara moja. Nimeandika programu za kalenda za ofisi nyingi, na vijana ninaofanya nao kazi hunicheka kwa jinsi ninavyouliza kila kitu mara mbili. Kama nilifanya haki kumwambia yule mama wa Kinshasa, sijui. Nina uchungu tu, ambao umezeeka pamoja nami.

Chai ilikuwa imepoa kabisa. Nikapiga simu.

"Allô, Tantine," kijana akasema. Nyuma yake palikuwa na sauti za watu.

"Pole sana, mwanangu. Uliandika lobi. Lobi nini?"

"Oyo eleki, Tantine. Ile ilipita. Jumanne. Namba yako tulikuta ndani ya Biblia yake kisha ya kuzika. Zilikuwa namba mingi, tulijaribu zote."

Basi nilikuwa nimechelewa. Nilimuuliza wamemzika wapi.

"Yanonge. Mwenyewe alisema. Pembeni ya Mama Régine. Tungali huku, tunamuwekea musalaba."

Nikasema sikujua kwamba kaburi la Mama Régine lilijulikana.

"Halikujulikana. Aliweka misalaba mbili, kwa matuta yote mbili. Kila mwaka alikuya kuipaka rangi. Na ku zote mbili aliandika maneno moja, juu hakujua beko wapi."

"Aliandika nini?"

Nilisikia anatembea kwenye nyasi. Akasoma polepole, "Régine na Mado. Départ, tarehe moja, mwezi ya tano." Kisha akashusha sauti. "Donc, Tantine, nilitaka kukuuliza. Bazee ba huku banasema ile tarehe iko faux. Bateau ilizama avril. Banasema weye ndiye uliandikaka ba tarehe kule bureau, unajua ya kweli. Fundi iko hapa na rangi. Turekebishe?"

"Hapana," nikasema.

"Lakini iko faux, Tantine."

"Minajua," nikamwambia. "Muiache vile iko."